Siweki sukari kwa chai, sasa hii ya damu inatoka wapi?

Haya ni maswali huwa naulizwa nikipima watu sukari hapa Kisumu, side ya Kibuye. Nimeyajibu vile huwa naongea tu.

Mimi hunywa chai strungi bila sukari, mbona naambiwa sukari iko juu?

Mama, na ugali je? Unga wa mahindi umejaa wanga, na wanga ni glukosi, ile sukari ya damu, nyingi sana, mamia hadi maelfu, zimeshikana mikono kama watoto wa nasari wakivuka barabara. Ulimi hauonjei utamu juu zimeshikana, lakini tumbo likishazikata zinaingia kwa damu moja moja kama sukari. Jaribu hii leo: weka tonge mdomoni bila mboga, tafuna dakika moja ama mbili usimeze, utasikia linaanza kuwa tamu, hiyo ni mate yameanza kukata mnyororo. Na damu haihitaji mingi, mtu mzima mwenye afya ana kama gramu 5 kwa damu yote, yaani kijiko kimoja cha chai.

Sukari nguru si ni afadhali, imetoka kwa miwa moja kwa moja?

Hapana bana. Nguru na ile nyeupe ya duka zote ni sukrosi, glukosi moja imeshikana na fruktosi moja. Rangi tu ndio inawadanganya.

Maziwa fresh yananifurisha tumbo lakini mala nakunywa poa, kwa nini?

Sukari ya maziwa inaitwa laktosi na kuikata unahitaji kimeng'enya chake, yaani makasi ya mwili ya kukata chakula, watu wengi kinapungua wakishakuwa wakubwa, basi laktosi inafika chini nzima nzima, bakteria wa huko wanaisherehekea na wewe unabaki na gesi. Kwa mala, bakteria wengine walishakula sehemu ya hiyo laktosi wakaigeuza asidi, ndio maana ni chachu.

Ng'ombe anashiba nyasi, mimi mbona sukuma hainishibishi?

Hii naipenda! Selulosi ya majani pia ni glukosi tupu, ila zimeungana kwa njia nyingine na mwili wetu hauna makasi ya hiyo. Ng'ombe naye hana, amefuga tu bakteria tumboni wanaomfanyia kazi. Kwako inapita kama nyuzinyuzi, na inapunguza mbio ya sukari kuingia kwa damu, so usiache sukuma, ongeza, halafu ugali ndio upunguze size.

Nimelala njaa, asubuhi mashine bado inasoma juu. Imeharibika?

Mashine iko sawa mzee. Ini huweka akiba ya glukosi inaitwa glikojeni, kama gramu 100 hivi, na usiku linaitoa polepole juu ubongo haulali na unataka chakula. Ini pia linaweza kutengeneza glukosi mpya. Kawaida insulini, ile homoni ya kushusha sukari ya damu, huliambia ini imetosha, lakini kwa mwenye kisukari ini halisikii vizuri ama insulini yenyewe ni kidogo, basi linaendelea kumwaga tu mpaka asubuhi, na wewe hujagusa hata andazi.