SNMP kwenye swichi: hilo neno "public" litoe leo leo

Wiki iliyopita niliitwa kwenye jengo moja la ofisi, intaneti inakatakata kila siku ikifika saa tano asubuhi na hakuna anayejua kwa nini. Nikamwomba jamaa wa IT ruhusa nipime kuanzia pale pale mapokezi kwenye Wi-Fi ya wageni, akasema sawa kaka pima tu, nikaiuliza swichi yao (kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi kwa nyaya) jina lake kwa SNMP, njia ya kuvihoji vifaa vya mtandao ukiwa mbali, nikitumia public kama neno la siri, ikajibu hapo hapo. Jina, modeli, toleo la programu, poti zote 48, ipi inafanya kazi ipi imezimwa, yaani kila kitu, na mimi nimekaa kwenye kochi la wageni.

Tulipoingia ndani ya swichi, ni Cisco, tukakuta hivi:

snmp-server community public RO
snmp-server community private RW

Huo mstari wa pili ndio ulioniumiza roho zaidi, manake RO ni kusoma tu ila RW ni ruhusa ya kuandika, mwenye hilo neno anaweza kuzima poti au kuiamuru swichi itume setingi zake zote kwenye seva ya TFTP (ya kupokelea mafaili) anayoitaka yeye. Na msidhani ni hadithi za kutishana. Aprili 2023 taasisi za usalama za Uingereza na Marekani zilitoa tahadhari kwamba kundi la wadukuzi wa Urusi linaloitwa APT28 mwaka 2021 lilipenya kwenye rauta za Cisco kupitia SNMP, na hilo hilo neno public lilikuwa mojawapo ya milango. Toleo la 1 na la 2c ya SNMP yanapitisha neno la siri wazi kabisa, anayenusa trafiki analisoma kama tangazo ukutani. Toleo la 3 limekuwa standadi tangu 2002, lina paswedi na linafunga data isisomeke njiani, kwa hiyo sioni sababu ya mtu kuendelea na yale ya zamani kama kifaa chake kinaliweza.

Nilichoweka ni hiki (anwani na paswedi weka zako, herufi 8 kwenda juu):

ip access-list standard NMS
 permit host 10.10.50.20
 deny any log
snmp-server view SOMA iso included
snmp-server group WAANGALIZI v3 priv read SOMA access NMS
snmp-server user mtazamaji WAANGALIZI v3 auth sha Paswedi1 priv aes 128 Paswedi2
no snmp-server community public
no snmp-server community private

Watu wengi wanaishia kwenye yuza na hiyo listi ya juu (NMS, inayotaja anwani inayoruhusiwa) wanairuka, na kwangu mimi listi ndiyo kitu cha kwanza, kwa sababu seva inayofuatilia mtandao ni moja tu, hakuna kompyuta nyingine yenye haja ya kuongea na swichi kwenye UDP 161, mlango wa SNMP. Halafu kundi nimelipa read peke yake, hakuna write, SNMP kwangu ni ya kuangalia, ukitaka kubadilisha kitu ingia kwenye swichi yenyewe kwa SSH.

Ukijaribu na snmpwalk (amri ya kuisoma swichi kwa SNMP), soma vizuri jibu unalopata. Ikikaa kimya mpaka muda uishe, angalia listi au njia ya kufika pale, ikisema Unknown user name basi yuza hayupo, ikisema Authentication failure umekosea paswedi. Na usishtuke ukifanya show run (kuona setingi) yuza humwoni, v3 ndivyo ilivyo, tumia show snmp user. Paswedi zinachanganywa na engineID (kitambulisho cha SNMP) ya swichi, kwa hiyo ukibadilisha engineID inabidi yuza wote uwaunde upya.

Sasa turudi kwenye saa tano. Seva yao ilikuwa inasoma kwa toleo la 1 kila baada ya dakika 5, na toleo la 1 halina kaunta (namba zinazohesabu data iliyopita) za biti 64, lina za biti 32 ambazo kwenye laini ya gigabiti 1 iliyojaa zinazunguka na kuanza sifuri kila sekunde 34 hivi. Ndani ya dakika 5 kaunta imeshazunguka mara 8, grafu haiwezi kuonyesha zaidi ya megabiti 114 hata laini iwe inapasuka, ndio maana miezi yote hiyo wanaangalia grafu wanaona mtandao hauna shida. Nikahamishia kwenye v3 nikasoma kaunta za biti 64, ifHCInOctets na ifHCOutOctets (data inayoingia na inayotoka), kesho yake tukakaa mbele ya skrini na yule jamaa, saa tano na dakika mbili ile laini inayounganisha ghorofa mbili ikapanda mpaka megabiti 940 ikabaki juu, na chanzo ni poti ya 17. Bakapu ya seva ya uhasibu. Tukaihamishia saa nane usiku.