Msomaji hakwami kwa "somo"

Waandishi wengi chipukizi huamini kwamba msomaji akikutana na jambo la utamaduni asioujua, anafunga kitabu. Basi kila chakula kinafafanuliwa, kila vazi linawekewa tanbihi. Si kweli.

Chukua sentensi hii: "Mwali alitolewa ndani, kanga zimetandikwa njiani, somo yake kamshika mkono." Aliyekulia Ngamiani hapa Tanga anajua somo ni mwanamke mtu mzima anayemfunda mwali. Wa Bukoba huenda akawaza kwanza somo la darasani. Lakini la darasani halimshiki mtu mkono! Anajirekebisha hapo hapo, na somo akianza kumnong'oneza mwali, picha imekamilika. Sisi wenyewe tulisoma habari za theluji, jasho likitudondokea daftarini, na hadithi ikaenda.

Kinachopotea kweli ni uzito wa jambo. Katika hadithi za Waigbo wa Nigeria, mgeni hukaribishwa kwa kola. Msomaji wa Tanga ataelewa kuwa ni kitu cha kutafuna. Heshima iliyomo ndiyo itakayompita. Hapo tanbihi haisaidii sana. Mwenyeji asiitoe kola, mgeni anyanyuke bila kuaga, basi. Nani huku asiyejua machungu ya kukaa barazani kwa mtu, kahawa inazunguka, wewe unarukwa?

Tanbihi ibaki kwa yale yasiyoweza kubebwa na matendo ya wahusika, kama sheria ya zamani ambayo kisa kizima kimeiegemea.