Joto Si Lake, Ni Lako

Juzi kaingia kliniki kwangu kijana wa mashua aliyeungua na jua, mabega meupe pepepe. Dawa ya meno, kapakwa na mamake. Alikuwa ameshinda baharini kifua wazi tangu saa tatu asubuhi hadi alasiri, kapeleka wageni Manda Toto na kuwarudisha. Namuuliza mbona hakuvaa shati, ananijibu kwa Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, kilichonyooka: "Dakitari, yua halikuwa kali, kulikuwa na upepo."

Sentensi hiyo naisikia kuliko "pole na kazi". Wengine husema kulikuwa na mawingu, wengine walikuwa majini, wengine "ni msimu wa kusi huu", yaani miezi ya baridi ya upepo wa kusini. Yote ni kosa moja: kudhani jua linaunguza kwa joto.

Jua linatuletea mwanga, joto na miali ya urujuanimno, yaani UV. Mwanga unauona, joto unalihisi. UV huioni wala huihisi, na ndiyo iliyomuunguza kijana wangu. Upepo wa baharini unapunguza joto la ngozi, lakini UV haipeperushwi. Tena upepo ndio mbaya zaidi, maana bila huo ungeshachoka ukatafuta kivuli.

Nadhani lugha nayo inatuponza. Tukisema "jua kali" tunamaanisha joto, na tukisema mtu "ameungua" tunaona jiko. Sasa fikiria: aliyeshika sufuria ya moto anaruka papo hapo. Aliyeunguzwa na jua anarudi nyumbani, anakoga, anaswali magharibi, anakula, halafu shuka ikigusa bega anapiga kelele. Moto gani huo unaochelewa hivyo? UV inaharibu vinasaba ndani ya seli za ngozi, na mwili unachukua muda wa saa 3 hadi 6 kuanza kulalamika. Kilele huwa kati ya saa 12 na 24. Mwili hupeleka damu nyingi pale penye madhara, ngozi inavimba na kuwaka. Kwa hiyo lile joto la usiku si la jua. Ni lako mwenyewe.

Ukishalielewa hilo, mengine yanajipanga. Wingu jepesi linapitisha hadi asilimia 80 ya UV. Nusu mita chini ya maji bado iko kama asilimia 40, kwa hiyo anayezamia mgongo juu anaungua huku anasikia baridi. Mchanga unarudisha kiasi cha asilimia 15 na povu la mawimbi kama 25, ndiyo maana mtu aliyekaa chini ya mwavuli pale Shela anakuja kwangu na kidevu kimeiva. Na kusi? Lamu iko nyuzi 2 na kitu tu kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwisho wa Septemba jua la adhuhuri linapita utosini kabisa, kivuli unakikanyaga. Lakini hata Juni na Julai, mnapovaa sweta kwenye boti ya alfajiri kwenda Mokowe, kivuli chako cha adhuhuri hakifiki nusu ya urefu wako. Kipimo changu ni hicho hicho cha kivuli: kikiwa kifupi kuliko wewe, jifunike. Hapa kwetu ni takriban saa tatu na nusu hadi saa tisa na nusu. Achana na kipimajoto cha simu.

"Sisi weusi je?" Tuna kinga, sikatai. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1979 viliipa ngozi nyeusi kinga ya SPF (kipimo cha kinga dhidi ya kuunguzwa na jua) 13 hivi, na nyeupe kama 3. Kumi na tatu ni kitu, lakini haimtoshi mtu wa kushinda mashuani. Na sisi hatuwi wekundu kama kamba wa kuchemsha, kwa hiyo hata wahudumu wenzangu hupitiwa. Gusa: ngozi ina moto, inavuta, inauma, siku chache baadaye inababuka na kuacha weusi. Mwenye ualbino hana kinga hiyo, na saratani ya ngozi inaweza kumpata angali kijana. Mzazi asiniambie mtoto alikuwa akicheza "jioni jioni, jua limepoa". Saa tisa si jioni.

Nguo sasa, maana hapa ndipo watu hunibishia sana. Mume kanzu nyeupe nyepesi, mke buibui jeusi, nani amekingika? Kila mtu ananijibu mume, kwa kuwa amevaa kitu cha baridi. La. Kitambaa cheusi kilichofumwa vizuri kinanasa UV zaidi. Bibie anatoka jasho lakini ngozi yake imetulia. Pamba nyeupe nyepesi inapitisha UV, na ikilowa inapitisha zaidi, kwa hiyo fulana nyeupe iliyokugandia baada ya kuogelea ni mapambo tu. Inua kitambaa kwenye mwanga: ukiona vidole vyako upande wa pili, na jua linakuona. Kofia za viua za hapa kwetu nazipenda, ninayo moja ya marehemu babu, lakini haina ukingo. Masikio na shingo ziko nje. Baharini vaa pama.

Losheni ya kukinga jua: SPF 30 au zaidi, iliyoandikwa inakinga UVA pia (ile UV inayopenya ndani zaidi ya ngozi), na irudiwe kila baada ya muda wa saa 2 na ukitoka majini. Namba ile hupimwa kwa kupaka miligramu 2 kila sentimita mraba, yaani mtu mzima hutumia kama mililita 30 mwili mzima. Chupa ya mililita 100 imekwisha kwa mara tatu! Nani mwenye pesa hizo? Mimi hupaka uso, masikio, shingo na migongo ya mikono, kwingine navaa nguo. Mafuta ya nazi yapake nywele.

Kuna na jambo la ndimu. Mchoma samaki wa ufukweni anakamua ndimu juani tangu asubuhi, baada ya siku moja mbili anatoka malengelenge mikononi, halafu michirizi myeusi inayokaa wiki au miezi. Anaapa ni makaa. Si makaa: ni maji ya ndimu yakikutana na UV. Nawa kwa sabuni kabla ya kwenda juani. Doksisaiklini nayo, ambayo wageni wengi humeza kujikinga na malaria, inafanya ngozi iungue upesi.

Ukishaungua, ingia ndani. Maji ya baridi ya kawaida, si barafu, au kanga iliyoloweshwa. Kunywa maji mengi. Paracetamol, au ibuprofen kama huna vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo wala mimba. Losheni nyepesi isiyo na manukato. Malengelenge usiyapasue. Dawa ya meno inakupa ubaridi wa mnanaa, unadhani umepona, kumbe unaichubua ngozi iliyoumia. Homa, kutapika, kizunguzungu, au malengelenge yaliyotanda: njoo, usingoje asubuhi.

Na niseme ukweli: hakuna kati ya hivyo kinachorudisha kilichoharibika. Shubiri inapoza, watu wanaipenda, nami naikubali, ila ushahidi kwamba inaharakisha kupona ni mwembamba. Krimu za steroidi, za kutuliza uvimbe, nimewahi kuziandika. Siku hizi siandiki, zikishapakwa baada ya kuungua faida yake ni ndogo mno. Hata losheni: jaribio kubwa linalotajwa kila mahali, la Nambour kule Australia, lilifanywa kwa Wazungu. Kwamba losheni itampunguzia saratani mvuvi mweusi wa Kizingitini, siwezi kuapa. Melanoma zetu nyingi, ile saratani ya ngozi iliyo hatari zaidi, hutokea kwenye nyayo na chini ya kucha, kama ile ya Bob Marley, na huko jua halifiki. Ninachokiona kwa macho yangu ni ngozi iliyoungua, mabaka usoni, na uzee wa mapema.

Kijana karudi jana, mabega yanababuka kama ganda la kitunguu, anataka kujua kama aweza kurudi kazini. Nikamwambia aweza, ila avae shati la mikono mirefu, rangi ya kukoza.

Akasema litamtia joto.