Siku Tano za Moshi Donora: Maswali na Majibu

Kila ninapofundisha somo la hewa na mapafu huanza na Donora, mji mdogo wa viwanda katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mwishoni mwa Oktoba 1948 watu 20 walikufa huko, na kosa lao lilikuwa kuvuta hewa ya mtaani kwao. Maswali ya wanafunzi hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka, kwa hiyo nimeyaweka hapa na majibu yake. La mwisho si la mwanafunzi. Ni la jirani yangu, fundi wa kuchomelea mageti.

Donora walikuwa wakitengeneza nini hasa?

Vitu unavyovijua: misumari, waya, seng'enge. Mji umekaa kwenye kona ya mto Monongahela, kusini mwa Pittsburgh, umebanwa na milima pande zote mbili. Wakati ule ulikuwa na watu kama 14,000, wengi wao wahamiaji kutoka Ulaya na watoto wao. Viwanda vya American Steel and Wire, tawi la kampuni kubwa ya U.S. Steel, vilitanda ukingoni mwa mto, na kimoja kilikuwa cha kuyeyushia zinki, kilichofunguliwa 1915.

Zinki ndiyo ule mng'aro wa bati jipya. Chuma huchovywa ndani ya zinki iliyoyeyuka ili kisishike kutu. Tatizo ni kwamba madini yake hutoka ardhini yameshikamana na salfa, na ili kuitoa salfa ni lazima yachomwe kwa moto mkali. Salfa inaondoka kama gesi, dioksidi ya salfa, yenye harufu kali kama ile inayokuchoma pua ukiwasha kiberiti karibu na uso. Inaandamana na vumbi laini sana la metali: zinki, risasi na kadimi. Ng'ambo ya mto, katika kijiji cha Webster, miti ya matunda ilikauka na mlima ukabaki kipara. Wenye mashamba walikuwa wameshaishtaki kampuni tangu miaka ya 1920. Kwa hiyo usiniambie kwamba hakuna aliyejua: mimea ilishasema miaka 20 na zaidi kabla ya watu kuanza kufa.

Kama moshi ulikuwepo miaka yote, kwa nini uue wiki ile?

Siku za kawaida hewa ya chini hupata joto, ikapanda juu na kuondoka na moshi wake. Kuanzia Jumanne tarehe 26 Oktoba mambo yaligeuka. Hewa baridi ililala bondeni, hewa ya joto ikaikalia juu, na upepo ukakatika. Ni kama sinia la chakula lililofunikwa kawa: kilicho ndani kinabaki ndani. Viwanda viliendelea kumwaga moshi chini ya kawa lile usiku na mchana, na majiko ya makaa ya mawe ya majumbani na garimoshi zilizopita bondeni zikaongeza wao.

Hali hiyo ya hewa si kioja. Hutokea kwenye mabonde mengi, na mara nyingi inamalizika asubuhi jua likichomoza. Ile ya Donora ilikaa siku tano.

Watu hawakuona kwamba kuna hatari?

Waliona, lakini walikuwa wamezoea. Kwa mji wa viwanda, moshi ukitoka maana yake kazi ipo na mshahara upo. Siku ya kuogopa ni ile bomba lisipotoa moshi. Ijumaa usiku kulikuwa na gwaride la Halloween, sikukuu ambayo watoto huvaa mavazi ya kutisha, na likafanyika kama lilivyopangwa. Waliosimama pembeni waliona vivuli vikipita. Jumamosi mchana timu ya shule ya Donora ilicheza mechi ya futiboli ya Kimarekani na wapinzani wao wa jadi kutoka mji jirani wa Monongahela, na waliokaa jukwaani walitatizika hata kuuona mpira. Wakati mechi ile ikichezwa, maiti zilikuwa tayari zinapelekwa kwa mtayarishaji wa mazishi. Mtu wa kwanza alikuwa amefariki usiku wa manane kuamkia siku hiyohiyo.

Hapo ndipo huwanyamazisha wanafunzi wangu kidogo. Si kwamba watu wa Donora walikuwa wajinga. Mwili wa binadamu hauna kengele ya kutofautisha moshi wa jana na moshi wa leo ulioongezeka maradufu. Ukikohoa kila siku, kikohozi cha leo kinaonekana ni kilekile.

Moshi ule uliuaje?

Anza na gesi. Dioksidi ya salfa huyeyuka upesi kwenye majimaji, na njia ya hewa, kuanzia puani hadi ndani ya kifua, imejaa unyevu. Ikigusa pale inageuka asidi. Mirija ya hewa hujikunja kujikinga na kutoa makohozi mengi, na mgonjwa anahisi kifua kinabana kama mwenye pumu, hata kama hajawahi kuugua pumu.

Sasa ongeza vumbi. Gesi peke yake ingeishia zaidi kwenye pua na koo. Lakini chembe ndogo za vumbi zikibeba asidi mgongoni hupenya hadi kwenye vifuko vidogo vya mwisho vya mapafu, pale ambapo damu inachukua oksijeni. Pale panavimba na kujaa maji, oksijeni ya damu inashuka, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Moyo uliochoka tangu zamani hauwezi kazi hiyo kwa siku tatu mfululizo.

Idara ya Afya ya Umma ya serikali ya Marekani ilichunguza tukio hili, na ripoti yake ikatoka 1949. Haikutaja sumu moja kuwa ndiyo muuaji. Ilisema ni mchanganyiko wa gesi na chembe. Wapo waliokasirishwa na jibu hilo, kwa kuwa muuaji asiye na jina hashtakiki kirahisi. Kitabibu, hata hivyo, lina mantiki: viwili vikikutana, madhara yanazidi jumla ya kila kimoja.

Kwa nini wafe 20 tu katika watu 14,000?

Neno "tu" hapo linanichoma. Karibu watu 6,000 waliugua, yaani zaidi ya wanne katika kila kumi. Wengine walikohoa na kuumwa macho wakapona, wengine walitapika na kushindwa kulala chali. Waliokufa walikuwa watu wazima na wazee, na wengi tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au wa mapafu. Kampuni iliwahi kulitumia jambo hilo kama utetezi, kana kwamba mwenye pumu hana haki ya kuvuta hewa safi.

Madaktari na wazima moto walifanya nini?

Madaktari walikuwa wachache, simu zao zililia bila kukoma, na wao wenyewe walikuwa wakikohoa. Walichoma sindano za kulegeza mirija ya hewa. Wazima moto walibeba mitungi ya oksijeni nyumba hadi nyumba, wakipapasa kuta na uzio kwa sababu njia haionekani, wakimpa kila mgonjwa pumzi chache kisha wanakwenda kwa mwingine. Hebu fikiria kumnyang'anya mtu mtungi ili ukampe jirani yake.

Dokta William Rongaus, aliyekuwa kwenye bodi ya afya ya mji, aliwaambia wenye matatizo ya kifua wauhame mji mara moja. Ulikuwa ushauri sahihi kuliko dawa yoyote aliyokuwa nayo, kwa sababu tiba ya kwanza ya sumu ya hewa ni kumtoa mtu kwenye hewa hiyo. Shida ni kwamba barabara zilijaa moshi na magari hayakupita kwa urahisi.

Kiwanda kilifungwa lini?

Kiwanda cha zinki kilipunguza moto Jumapili alfajiri, tarehe 31. Siku hiyohiyo mvua ikanyesha ikasafisha hewa, na kazi ikarudi upesi. Kampuni ilishikilia kuwa wa kulaumiwa ni hali ya hewa. Ndiyo maana nimelipigia mfano kawa: kawa ni la Mungu, lakini kilichopikwa chini yake kilikuwa na mpishi. Kesi za familia zilimalizwa nje ya mahakama 1951 kwa takriban dola 235,000, bila kampuni kukiri kosa. Ukishagawanya kwa wadai wote na kuwalipa mawakili, hazikubaki nyingi.

Hakukuwa na sheria?

Ya taifa zima hapakuwa. Miji kama St. Louis na Pittsburgh ilikuwa na sheria zake ndogo za moshi wa makaa ya mawe, lakini zilikoma mpakani mwa mji. Sheria ya kwanza ya serikali kuu, ya 1955, ilitoa fedha za utafiti tu. Nyingine ikaja 1963. Yenye meno, iliyoweka viwango vya taifa na adhabu, ilitiwa sahihi Desemba 1970, mwezi uleule shirika la serikali la kulinda mazingira lilipoanza kazi. Mwaka mmoja kabla, mto Cuyahoga pale Cleveland ulishika moto kwa mafuta na takataka za viwanda, na wala haikuwa mara yake ya kwanza. Hesabu mwenyewe: kutoka Donora hadi sheria hiyo ni miaka 22.

Moshi wa magari ulikuwa na kisa kirefu zaidi. Petroli ya Marekani ilianza kutiwa metali ya risasi miaka ya 1920 ili injini zisigonge. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, waliokuwa wakiitengeneza dawa hiyo ya petroli walichanganyikiwa akili wakafa. Ikaendelea kuuzwa, na kule Marekani haikupigwa marufuku kabisa kwa magari ya barabarani hadi 1996. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara iliondoka mwanzoni mwa 2006. Kama ulizaliwa mjini kabla ya hapo, ukakua kando ya barabara kuu, uliivuta na wewe. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na haina kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Waliopona Donora walipona kabisa?

Watafiti waliwafuatilia kwa miaka karibu kumi. Waliougua wiki ile waliendelea kuumwa na kufa kwa viwango vya juu kuliko majirani zao ambao hawakuugua. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na kwamba walikuwa wagonjwa tangu mwanzo, lakini si yote. Kiwanda cha zinki kilifungwa moja kwa moja 1957, na vile vya chuma vikafuata. Leo mji una watu chini ya 5,000, na una jumba dogo la makumbusho ya moshi ule.

Siku moshi umetanda mtaani kwetu, kutoka kiwandani au jalala linaloungua, nifanye nini?

Kama unaweza kuondoka, ondoka, na tangulia na mtoto mchanga, mzee, mjamzito na mwenye pumu au moyo. Kama huwezi, funga madirisha ya upande moshi unakotoka na usiwashe jiko la mkaa ndani. Hili nalisema mara mbili: usiwashe mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi yake haina harufu na inaua watu waliolala. Acha mazoezi na kazi nzito, maana anayehema sana anavuta moshi mwingi. Mwenye pampu ya pumu asikae mbali nayo.

Kitambaa kilicholoweshwa maji kinapunguza majivu makubwa, basi. Barakoa nzuri ya vumbi inayobana uso huzuia chembe ndogo, ila gesi inapita.

Mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikibadilika rangi, akiumwa kifua au akianza kuchanganyikiwa, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Mpeleke hospitali.

"Nikichomelea mabomba ya maji jioni napata homa na kutetemeka. Ni malaria? Na maziwa yanasaidia?"

Hili ndilo la jirani yangu, na bila kujua ameuliza habari ya Donora. Mabomba yake yamepakwa zinki. Anapoyachoma, zinki inageuka moshi mweupe, anauvuta, na saa kadhaa baadaye mwili unaanza kutetemeka: homa, kichwa, kiu, ladha ya chuma mdomoni. Huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Dalili yake kubwa ni kwamba Jumatatu inauma kuliko Ijumaa, kwa sababu mwili huzoea katikati ya wiki na kusahau Jumapili. Watu wa zinki wanaijua homa hii tangu zamani.

Lakini usijitibu kwa kubahatisha. Ukiwa na homa, pima malaria. Ikizidi siku mbili, au ukikosa pumzi, nenda hospitali, kwa kuwa kadimi, ambayo hupakwa kwenye baadhi ya bolti na vyuma vya zamani, huanza na dalili hizohizo na inaweza kuua. Chomelea nje, simama upande upepo unakotoka, na kwanza kwangua zinki pale unapounga, ukiwa umevaa barakoa ya vumbi.

Kuhusu maziwa, hapo tulibishana. Yeye hunywa nusu lita kila jioni "yaoshe kifua", kama alivyofundishwa na bosi wake. Nikamweleza kuwa maziwa yanakwenda tumboni na moshi umekwenda mapafuni, hayakutani. Akafikiri kidogo, akaniuliza: "Sasa niache kununua?" Nikamwambia aendelee, ampe mtoto.