Ukisema toroli, unamaanisha toroli ipi?

Kwenye mafunzo ya usalama kazini ninayotoa, kuna siku niliwaambia washiriki waniletee toroli. Dakika tano baadae mmoja kaja na ile ya gurudumu moja ya kubebea kokoto, mwingine anasukuma ile bapa ya stoo yenye magurudumu manne, na dada mmoja muuguzi alikua bado kasimama ananiuliza, toroli ya dawa au ya mgonjwa? Wote watatu walinielewa sawasawa, aliyekosea ni mimi niliyetoa agizo nusu. Tangu siku hiyo sisemi tena toroli peke yake, mana kila moja ina breki zake, uzito wake na namna yake ya kuumiza mtu.

Tuanze na ya gurudumu moja, wengine wanaiita wilbaro. Wengi wanaijaza mzigo wote nyuma karibu na mikono alafu wanalalamika mgongo. Chukua mfano, toka kwenye gurudumu mpaka kwenye mishikio ni sentimita 150, na una mzigo wa kilo 60. Ukiuweka sentimita 75 toka kwenye gurudumu mikono yako inabeba kilo 30, ukiusogeza mbele ukawa sentimita 50 tu unabeba kilo 20 (hapo sijahesabu uzito wa toroli yenyewe). Mzigo ni uleule, umeusogeza tu. Kwahiyo koleo la kwanza la kokoto limwage mbele, na ukinyanyua kunja magoti, usiiname kwa kiuno.

Ile bapa ya stoo sukuma, usivute. Ukivuta unajipinda mgongo, na ikikujia kwa kasi inakugonga visigino. Maboksi mazito yakae chini, na usipange juu mpaka huoni mbele, mana hapo ndo watu wanagongana kwenye kona.

Ya supamaketi watu wanaiona kama kitu cha mchezo, na hapa naomba wazazi mnisikilize vizuri. Ilianza mwaka 1937 huko Oklahoma City, Marekani, mwenye maduka Sylvan Goldman aliona wateja wanaacha kununua kikapu kikishakua kizito, akapata wazo kwa kuangalia kiti cha kukunja, akakiwekea magurudumu na vikapu viwili. Mwanzoni watu waliikataa, ikabidi alipe watu wazunguke nayo dukani wakijifanya wateja! Zile zinazoingiliana moja ndani ya nyingine zilikuja 1946, kazi ya Orla Watson wa Kansas City, ukuta wa nyuma unajinyanyua ya nyuma inapoingia. Sasa angalia umbo lake, ni ndefu kwenda juu na magurudumu yake ni madogo, mtoto akisimama ndani au akining'inia pembeni uzito wote unahamia juu na inapinduka kirahisi sana. Na mtoto mdogo kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, kwahiyo akidondoka mara nyingi kichwa ndo kinatangulia, kwenye sakafu ngumu. Mkalishe kwenye kile kiti chake, mfunge mkanda, na usimwache hata ukigeuka kuchukua kitu kimoja tu.

Uwanja wa ndege, toroli nyingi za mizigo zina breki ambayo muda wote imekamata, unakandamiza mshikio ndo inaachia, na ukiachia mkono inasimama yenyewe. Naona watu wanahangaika kuisukuma kwa nguvu kumbe mshikio haujakandamizwa. Ndani ya ndege ile nyembamba ya vinywaji ina pedali mbili chini, nyekundu ya kufunga na kijani ya kufungua, ikija karibu ondoa kiwiko na mguu kwenye njia, ikiwa imejaa ni nzito kweli.

Alafu kuna toroli ambayo haisukumwi na mtu kabisa. Wamarekani wakisema toroli mara nyingi wanamaanisha tramu ya umeme, yaani gari la abiria linalopita kwenye reli za mjini, mana ilikua na kigurudumu juu ya mlingoti kinachotembea kwenye waya kuvuta umeme, mfumo ambao Frank Sprague aliufanikisha mjini Richmond, Virginia, mwaka 1888. Basi la toroli, yaani basi linalovuta umeme kwenye waya za juu, lina asili nyingine, Werner von Siemens alijaribu la kwanza karibu na Berlin mwaka 1882. Ukitaka kuyatofautisha angalia juu, tramu inatosheka na waya mmoja kwasababu umeme unarudi kupitia reli, basi lina matairi ya mpira ambayo hayapitishi umeme kwahiyo lazima liwe na waya mbili. Na lile swali la wanafalsafa linaloitwa tatizo la toroli, lililoanza na Philippa Foot mwaka 1967, gari linaenda kuua watu watano je uligeuze liue mmoja, gari lenyewe ni tramu. Nimeshaona limechorewa kigari cha dukani, msomaji hapo anapotea kabisa. Mafundi wa reli nao wana kigari chao cha kukagua njia, hicho tayari kina jina lake zuri, kiberenge.

Nilipopaacha kwa makusudi ni hospitali. Toroli ya dharura, yenye dawa za kuokoa maisha na mashine ya kushtua moyo, sio meza ya kuwekea mafaili wala chai, kila kitu kina droo yake kwasababu siku ya kuhitajika hakuna muda wa kutafuta. Ya mgonjwa ndo inaniumiza zaidi. Niliwahi kushuhudia mgonjwa anahamishwa kwenda kitandani, breki imekanyagwa upande mmoja tu, katikati ya kuhama toroli ikazunguka, pakafunguka nafasi na mama wa watu akaning'inia kwenye shuka mpaka wauguzi wawili wakamdaka. Hakuumia ila alitetemeka muda mrefu sana. Tangu hapo nafundisha hivi: kanyaga breki zote, alafu isukume kwa nyonga uone kama inasogea, kitanda nacho vilevile, kisha mwambie mgonjwa unataka kufanya nini, ndo umhamishe. Wakati wa safari vizuizi vya pembeni viwe juu na mikono yake iwe ndani, milango mingi inapita karibu sana na vidole. Na ukisikia gurudumu linalia au linavuta upande usilizoee, iinamie uangalie, mara nyingi ni uzi wa shuka au nywele zimejizungusha kwenye ekseli, dakika mbili na mkasi linarudi kuzunguka.