Je, wajua kwa nini fundi anaiita Corolla yako "mia na kumi" au "NZE"?

Nenda Gerezani pale Dar au Kirinyaga Road Nairobi, sema unatafuta shokapu za Corolla, utaulizwa "ipi?" kabla hujamaliza sentensi. Ukijibu "ya 2000" jamaa anabaki anakutazama tu, maana mwaka huo zilitoka Corolla mbili tofauti kabisa, nyingine mwanzoni mwa mwaka na nyingine kuanzia Agosti. Anachotaka yeye ni namba. Tisini? Mia? Mia na kumi? NZE? Corolla sio gari moja, ni ukoo mzima, na hizo namba ndo majina ya vizazi.

Namba zenyewe hawajazitunga mafundi. Fungua boneti utafute kile kibati cha chesisi, utakuta kitu kama NZE121. Hiyo isome vipande vipande. NZ ni familia ya injini, E ndo Corolla yenyewe (Toyota kila ukoo una herufi yake), 12 ni kizazi, na ile 1 ya mwisho inatenganisha ndugu wa kizazi kimoja. Kwa hiyo NZE120 ni ya cc 1300, NZE121 ni 1500, NZE124 ni hiyohiyo 1500 ila inavuta magurudumu yote manne. Ukikuta ZZE122 usishangae, mwili ni uleule, injini ndo imebadilika imekuwa ya ZZ, cc 1800. Nyuma kidogo kuna AE110, A ni injini, E Corolla, 11 kizazi. Inayochanganya watu ni EE111, hapo E ya kwanza ni injini ya 4E ya cc 1300 na E ya pili ndo Corolla, nishawahi kuona watu wanabishana kibarazani karibu saa nzima juu ya hizo E mbili na gari yenyewe ipo hapohapo nje.

Sasa hesabu inaanzia wapi? Inaanzia 10. Corolla ya kwanza iliingia sokoni Japani Novemba 1966, namba yake ya chesisi KE10, K ikiwa injini ya cc 1077. Na hiyo 1077 ina kisa chake. Corolla ilikuwa inaandaliwa na injini ya cc 1000, mara ikajulikana Nissan nao wanakuja na Sunny ya cc 1000, Toyota wakaongeza injini dakika za mwisho halafu kwenye matangazo wakawa wanajisifia hizo cc 100 za ziada. Utani wa Simba na Yanga kabisa. Mhandisi mkuu alikuwa Tatsuo Hasegawa, mzee aliyekuwa anachora ndege kabla ya kuhamia magari, na falsafa yake ilikuwa gari lipate angalau alama 80 kwenye kila kitu halafu kuwe na vitu vichache vinavyovuka hapo. Ukiniuliza mimi hiyo ndo siri ya Corolla mpaka leo, haina kitu cha kukufanya upige kelele ila pia haina kitu cha kukulaza njiani. Jina lenyewe ni Kilatini, taji dogo, maana Toyota walikuwa tayari na Crown na Corona, zote mataji.

Baada ya hapo 20 ikaja 1970, 30 ikaja 1974, halafu ghafla 1979 inakuja 70. Hapa watu huuliza 40, 50 na 60 zimeenda wapi. Zipo, zilitumika zote kwenye kizazi kilekile cha 30 kwa miili na matoleo tofauti. Namba inahesabu chesisi, haihesabu vizazi kimoja kimoja. Ndo maana pia 130 huisikii mtaani kwetu, ile walipewa Corolla zilizotengenezwa Amerika Kaskazini wakati huku tunaendesha 120.

Ile 70 ndo ya mwisho kuvuta nyuma familia nzima, Wakenya wanaikumbuka kwa jina la DX. Mwaka 1983 ikaja 80 na saluni ikahamishiwa mvutano magurudumu ya mbele, propela, ile shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma, ikatoka, sakafu ya katikati ikashuka, abiria wa kati siti ya nyuma akapata pa kuweka miguu. Kwa gari la familia hayo ndo mabadiliko makubwa kuliko yote, watu wanashangilia taa na rimu wakati aliyekombolewa ni yule mtoto wa kati. Ila kizazi hichohicho wakaacha toleo la michezo livute nyuma kama zamani, AE86, ambayo vijana wa drifti wanaililia mpaka kesho.

Tisini ni ya 1987, mia ni ya 1991. Hii mia nisimame kidogo. Ilichorwa wakati Japani pesa inamwagika, kabla uchumi wao haujapasuka, kwa hiyo wahandisi walijiachia, fungua mlango wa 100 nzima uufunge utasikia "dubu", sio "pwaa". Imetoka Juni 1991 na uchumi ndo unaanguka. Iliyofuata, 110 ya Mei 1995, ikatengenezwa kwa kubana matumizi, ikapunguzwa uzito, vitu vingi vikarahisishwa. Kwa hiyo wazee wanaosema mia ni chuma kuliko mia na kumi hawana wivu tu, wana hoja. Kinachofanya 110 ipendwe ni wepesi wake na ulaji mdogo wa mafuta.

Na 110 ndo iliyonila pesa mimi. Nilinunua taa za mbele kwa simu, nikamwambia muuzaji ni ya 110, taa zikaja za mviringo kama macho ya chura. Kumbe Corolla ya Ulaya ya kizazi hichohicho ilipewa sura yake, macho duara, wakati ya Japani ina taa za kawaida. Muuzaji hakunidanganya, 110 ni 110, mimi ndo nilisoma namba nikasahau kwamba ukoo mmoja unaweza ukawa na sura mbili. Taa zile bado zipo stoo.

Agosti 2000 ikaja 120, yaani NZE, na hapa ndo mitaa ikaacha kutaja namba ikaanza kutaja herufi. Sababu ni injini. Mpaka 110 injini za petroli nyingi zilikuwa za A na E, zinatumia taimingi beliti ambayo kwenye kilomita laki moja hivi lazima uibadilishe, ukizembea ndo unaanza kumtafuta fundi usiku. NZ ikaja na cheni, ikaja na VVT-i (mfumo wa kurekebisha muda wa vali kufunguka), na hiyohiyo 1NZ wakaifunga kwenye Spacio, Runx, Allex, Fielder, Probox, IST, kwa hiyo spea zake zikawa kama vocha, kila kona zipo. Na kama hukujua, Spacio, Runx, Allex na Fielder zote ni Corolla, angalia kibati utaikuta E palepale.

Halafu 2006 ikaja 140 na kitu cha ajabu kikatokea, saluni ya Japani ikaitwa Corolla Axio ikabaki nyembamba, ya nchi nyingine ikanenepa. Sababu ni sheria za Japani. Gari dogo kwao mwisho upana mita 1.7, urefu mita 4.7 na injini cc 2000, ukizidisha kimojawapo unahamia daraja la juu la namba za usajili, na barabara za mitaani kwao pia ni finyu. Axio wakaipimia milimita 1695, yaani wameacha tano tu. Sisi tunaonunua zilizotumika kutoka Japani tukarithi hiyo nyembamba bila kuulizwa.

Kwenye 160 ya 2012 wakaenda mbali zaidi. Axio ikachukua jukwaa, yaani msingi wa chini, la Vitz, kagari kadogo zaidi ka Toyota, ikafupishwa milimita 50, wakati Corolla ya dunia iliyotoka mwaka uliofuata ilikuwa na upana wa milimita 1776. Majina yanafanana, herufi E ipo, ila chini ni magari mawili. Kenya wanazijua sana hizi maana sheria yao hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane, kwa hiyo Axio na Fielder mpya mpya ndo zinamiminika huko, kwetu huku Tanzania 110 bado inabeba harusi. Kizazi cha sasa, 210, kilipoingia Japani Septemba 2019 ndo wakakubali yaishe, wakavuka ile mita 1.7, upana 1745, na Axio ya zamani ikaachwa iendelee pembeni kwa wanaotaka gari jembamba.

Jirani yangu kauza NZE121 yake kanunua Axio, NZE161, anasema amepanda daraja. Kimya kimya nacheka, maana kwa upande wa chini kahamia kwa Vitz. Lakini juzi tumeenda Morogoro na kurudi, mimi na 110 yangu yeye na 161 yake, nimesimama kujaza mafuta Chalinze, yeye kapita ananipigia honi.