Ukungu-ute si ukungu

Kiumbe huyu ameponzwa na jina. Hutokeza kwenye magogo yanayooza na majani yaliyolowa, huzaa spora (chembe ndogo za uzazi), basi akahesabiwa kuwa aina ya kuvu. Ukweli ni kwamba yuko upande wa amiba, vile viumbe vya seli moja visivyo na umbo maalumu. Kuvu humwaga nje vimeng'enya vya kuyeyushia chakula kisha akafyonza kilichoyeyuka. Ukungu-ute humeza bakteria, hamira na spora wazimawazima. Tena hutembea, sentimita chache kwa saa.

Jina la pili nalo lina balaa lake. Umbo lake la kutambaa huitwa plasmodiamu, na wapo wanaoshtuka wakidhani ni kile kimelea cha malaria. Ni majina tu yaliyogongana. Hawana udugu wa karibu.

Eti ni vijidudu vingi vilivyoshikamana? Inategemea unamsema yupi. Physarum polycephalum, yule wa njano anayefugwa maabara, ni seli moja hata akitanda sahani nzima. Ndani yake mna viini kwa mamilioni, bila ukuta wa kuvitenga. Tazama mshipa wake mmoja kwa hadubini: ute wenye chembechembe unakwenda mbio, unalegea, unasimama, kisha unarudi ulikotoka. Dakika moja hivi baadaye unageuka tena. Mkondo wa kwenda ukizidi kidogo ule wa kurudi, mwili mzima unasogea. Mimi sichoki kuutazama.

Wa kundi ni Dictyostelium discoideum. Chakula kikiwepo, kila amiba na lake. Njaa ikiingia wanaitana kwa kemikali, wanakusanyika hata 100,000, wanatambaa pamoja kama konokono asiye na kombe, halafu wanasimamisha kikonyo chenye spora kileleni. Karibu mmoja kati ya kila watano hufia kwenye kikonyo ili wenzake wasambae. Wanaochunguza jinsi seli zinavyoshirikiana, na zinavyodanganyana, wamemng'ang'ania kwa sababu hiyo.

Kuhusu madhara, hakuna mengi ya kusema. Fuligo septica, anayefanana kabisa na matapishi ya mbwa, aliwatia watu hofu karibu na Dallas, Marekani, mwaka 1973. Lakini chakula chake si mimea. Hupanda tu juu ya mimea kutafuta pa kutolea spora. Mwenye mzio asivute vumbi lake, basi.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ile ya kwamba ukungu-ute ana "akili". Mwaka 2000 mtafiti Toshiyuki Nakagaki na wenzake walionyesha kwamba Physarum huunganisha vyakula viwili kwa njia fupi zaidi ndani ya mzingile. Watu wakasimulia kana kwamba aliingia mlangoni akatafuta njia. Sivyo: alikuwa ameujaza mzingile wote tangu mwanzo, kisha akajiondoa kwenye vichochoro visivyo na chakula. Hana ubongo wala neva. Mshipa unaopitisha ute mwingi hunenepa, usiopitisha hukonda hadi ukatoweka.

Kanuni hiyo hiyo ilitosha mwaka 2010, alipowekewa vipande vya oti mahali pa miji inayozunguka Tokyo. Mtandao aliousuka ulilingana na wa reli halisi kwa ufanisi na kwa kuhimili njia kukatika. Kumbukumbu nayo anaiacha sakafuni: akipita huacha ute, na baadaye akiugusa, hukwepa mahali hapo alipokwisha kupita.